Wapo wanaohama

Tangu Jumanne sauti ya yule daktari haijanitoka masikioni. Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningejua la kumjibu.

Da Zuhura mnamjua, na sukari yake mmeisoma humu mara nyingi. Safari hii nilimsindikiza mwenyewe, makaratasi yote mkobani. Daktari akatazama kompyuta, akasema BMI yake, yaani uzito ukipimwa dhidi ya urefu, ni 34, haijafika 35 inayotakiwa ili mwenye kisukari aina ya pili afikiriwe upasuaji wa kupunguza uzito. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa England, unashusha kiwango hicho kwa 2.5 kwa sisi wenye asili ya Afrika, maana maradhi haya hutuwahi uzito ukiwa bado mdogo. Kwa hiyo kwake ni 32.5. Akasoma, akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli. Anastahili kupelekwa wakamtazame kwa upasuaji."

Moyo ukanipaa. Kisha akaendelea.

"Ila kliniki ya uzito ya eneo lenu haipokei wagonjwa wapya kwa sasa. Na asipopitia huko, wapasuaji hawamchukui."

"Na wale wa ng'ambo ya barabara kuu?" Da Zuhura akauliza. Mwenzake wa kazini anakaa huko, na ameshafanyiwa.

"Wale wako chini ya bodi nyingine ya afya."

"Sasa mimi nihame?"

Daktari akavua miwani, akaiweka mezani. "Wapo wanaohama."

Wiki hii yapo ya furaha, nimesaini mkataba wa kudumu kazini, na Mwanahawa kajifungua salama mtoto wa kike, lakini mimi bado niko kwenye kile chumba. Wapo. Yaani amewaona, wamekaa kwenye kiti kile kile. Alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuzoea, na mazoea hayo ndiyo yanayoniuma. Nani anahama? Anayehama ni mwenye akiba ya kodi ya nyumba mpya. Da Zuhura anasafisha ofisi usiku, na nyumba ya halmashauri aliyomo aliingojea miaka. Huyo ahamie wapi?

NHS, huduma ya afya ya umma, sote tunaikatiwa kodi, na mwongozo ni mmoja. Lakini hapa England, tangu Julai 2022, fedha ziko kwa bodi za maeneo, 42 zilipoanza, na kila bodi hupanga kipi kitangulie. Unene nao umekithiri zaidi kwenye mitaa ya maskini, kwa hiyo wanaohitaji zaidi ndio hao hao wasioweza kuhama. Mimi naamini upasuaji huu unasukumwa nyuma kwa sababu watu bado wanauhesabu kuwa ni zawadi kwa mlafi. Wodini nimewauguza waliokatwa vidole vya miguu kwa kisukari, na hakuna aliyeuliza kama bodi itakubali kulipa. Nimewauguza pia waliounganishwa utumbo upya katika upasuaji huu, na sukari huanza kushuka ndani ya siku chache, uzito ukiwa bado haujapungua, maana homoni za utumbo zimebadilika. Kinachomnyima mtu nafasi hiyo ni anwani tu!

Ijumaa nilifika kwake nimefura, barua ya kwenda kwenye bodi nimeshaiandika nusu. Nikamkuta anamsuka binti yake, wanacheka.

"Mdogo wangu, mimi hata sijaamua kama nataka kukatwa," akaniambia. "Vidonge vya vitamini mpaka naingia kaburini, vipimo vya damu kila mwaka. Huenda ningekataa. Lakini nikatae mimi, nikiwa mbele ya mpasuaji."

Nikakaa sakafuni, hasira zikashuka zenyewe. Nilikuwa nampigania afanyiwe, kumbe yeye anadai kitu cha msingi zaidi, asikilizwe kwanza. Tukaiandika barua upya kwa maneno yake, mafupi na makavu kuliko yangu, akatia saini. Jumatatu naipeleka posta kwa rejista.

Baba hajajibu ujumbe tangu Alhamisi. Shangazi anasema simu tu ndiyo mbovu, lakini mwezi uliopita Baba alilalamika kwamba jicho la kushoto linaona ukungu, na yeye si mtu wa kulalamika. Kesho nitampigia jirani.