Safu Moja ya Seli Nyuma ya Konea

Baba mdogo anafuga nyuki katika misitu ya miombo ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora. Tangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho lake la kulia huamka na ukungu, na ifikapo saa nne asubuhi ukungu huo huondoka wenyewe. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na sikuridhika kumwambia kwamba ni uzee tu. Chanzo chake, kama daktari wa macho alivyothibitisha baadaye, ni safu moja ya seli iliyotandazwa nyuma ya konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho.

Konea ina unene wa takriban nusu milimita. Upande wake wa nje una tabaka tano hadi saba za seli ambazo hujifanya upya kwa muda wa wiki moja hivi, na ndiyo maana mkwaruzo wa mchanga hupona upesi. Upande wa ndani hauna bahati hiyo. Huko kuna safu moja tu, yenye unene wa mikroni tano hivi (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), ambayo seli zake ikifa mojawapo haizaliwi nyingine badala yake. Kijana huwa na seli zipatazo 3,000 katika kila milimita ya mraba. Hupungua kwa takriban asilimia 0.6 kila mwaka, na upasuaji wa ndani ya jicho huweza kuua nyingine nyingi kwa siku moja.

Zikitazamwa kwa hadubini kutoka juu, nyingi zina pembe sita. Nilipomwonyesha baba mdogo picha ya seli hizo kwenye simu, alisema, "Mwanangu, hili ni sega changa, nyuki hawajalitia asali." Kwa umbo la juu alisema kweli. Ila ukuta wa sega umenyooka, ilhali kuta za seli mbili jirani zimejikunjakunja na kuingiana, kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Kwa mikunjo hiyo utando wa ubavuni unapata eneo kubwa sana, nalo limejaa pampu za protini zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Ndani ya seli mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zimesheheni, kwa sababu kazi hiyo hula nishati usiku na mchana.

Karibu na uso unaoelekea majimaji ya jicho, seli hushikana kwa viungo vya kubana, na hapa ndipo ninapostaajabu zaidi. Katika seli za juu kabisa za upande wa nje, viungo hivyo huzunguka seli nzima kama mkanda, hata machozi hayapenyi ovyo. Katika safu ya ndani mkanda huo una mapengo, nayo si kasoro hata kidogo: konea haina mishipa ya damu, kwa hiyo glukosi inayoilisha hutoka katika majimaji hayo na kupitia mapengo hayo. Maji nayo huingia pamoja nayo, na ni kazi ya pampu kuyarudisha yalikotoka, kwa kuwa maji huifuata sodiamu inayotolewa. Pia kuna viungo vya mawasiliano, vijia vya protini ambamo seli jirani hupitishiana ayoni na molekuli ndogo.

Seli ikifa, jirani zake hujitanua na kuziba nafasi yake, zikipoteza zile pembe sita. Zikishuka hadi karibu 500 kwa milimita ya mraba, pampu zilizobaki huzidiwa, konea huvimba, nyuzi zake za kolajeni huachana, na mwanga hutawanyika. Usiku kope zimefungwa na machozi hayakauki, basi maji hulundikana. Mchana hewa huyavuta kwa mbele. Ukungu wa namna hiyo Ernst Fuchs, daktari wa Vienna, aliueleza mwaka 1910.

Daktari amempa baba mdogo matone yenye chumvi nyingi ya kuvuta maji hayo, na siku hizi anakagua mizinga yake baada ya saa nne. Jicho la kushoto, ambalo nalo lina mtoto wa jicho, bado halijafanyiwa upasuaji. Nimemsihi seli zake zihesabiwe kwanza. Mashine ya kuzihesabu hupiga picha tu, haigusi jicho, naye amekubali kwenda baada ya kurina asali.