Kabla ya kuiuza kompyuta ya steshenari kwa kilo

Kwa miaka tisa kompyuta ya mezani ya steshenari yangu, hapa Mbagala, imechapa barua za maombi ya kazi na kuhifadhi skani za vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA na mikataba ya kupangisha nyumba. Mwezi uliopita ilikataa kuwaka. Kijana anayepita na toroli akikusanya vyuma chakavu aliinyanyua, akasema, “Mama, hii tunapima kwa kilo,” nami nilikuwa nimekwisha kukubali moyoni, hadi nilipowakumbuka watu walionikabidhi vitambulisho vyao kwa dakika tano tu ili niwatolee kopi.

Kompyuta isiyowaka haimaanishi kuwa diski yake imekufa. Mara nyingi kilichoharibika ni pawasaplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme, na yaliyoandikwa kwenye diski bado yapo palepale. Wala kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakutoshi, kwa sababu kompyuta huondoa tu kumbukumbu ya mahali faili lilipo na kulihesabu eneo hilo kuwa wazi, huku maandishi yenyewe yakibaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Kufomati kwa haraka nako ni vivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika, na kati ya 129 zilizokuwa bado zinasomeka, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo.

Basi fundi aliichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine, nikanakili hesabu zangu za duka, kisha tukaendesha programu inayoandika sifuri juu ya kila sehemu ya diski, kazi iliyochukua zaidi ya saa nne. Kwa diski yenye sahani zinazozunguka, kuiandika sifuri yote mara moja kunatosha. Diski za SSD, zisizo na sahani zinazozunguka, zina tabia nyingine: huhamisha maandishi huku na huku hadi kwenye vijisehemu ambavyo programu ya kawaida haivifikii, hivyo ni lazima kutumia amri ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji. Diski isiyosomeka kabisa hutobolewa kwa drili mpaka kwenye sahani, na anayetoboa avae miwani ya kazi, kwa kuwa sahani nyingine ni za kioo.

Lililobaki lilikuwa mwili wa kompyuta, nao ulinisumbua zaidi kuliko nilivyotazamia. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, plastiki yake ya PVC hutoa moshi wenye sumu iitwayo dioksini, na wanaouvuta kwanza ni vijana wenyewe wanaochoma. Skrini yangu ya chogo, iliyokaa stoo miaka mingi, ina madini ya risasi ndani ya kioo chake; kuivunja ili kutoa shaba ya nyuma ni kuyaacha madini hayo ardhini, mahali ambapo watoto hucheza. Betri za kompyuta mpakato zikitobolewa huweza kulipuka moto. Pawasaplai nayo isifunguliwe na asiye fundi, hata kama imechomolewa ukutani, kwa maana huweza kuwa bado imehifadhi umeme.

Tanzania ina kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na anayekusanya taka hizi anatakiwa kuwa na kibali. Nilimwomba mkusanyaji anionyeshe chake kabla ya kumkabidhi skrini, pawasaplai, nyaya na ubao mkuu. Alinionyesha bila kukasirika. Memori na feni, ambavyo bado ni vizima, nilimwachia fundi. Kasha tupu la bati nilimpa kijana wa toroli, kwa kuwa hilo kwa kweli ni chuma chakavu, na riziki yake sikutaka kuikata.

Tangu Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na naamini inatuhusu sana sisi wenye steshenari. Kompyuta mpya nimeisimba diski yake yote, yaani isisomeke bila nywila, siku ile ile ilipowashwa, na skani za wateja huziondoa kila jioni kabla sijashusha shata.