Paa la Askofu Story

Mvua ilinikuta Chichester, kusini mwa Uingereza, Jumamosi moja ya Novemba mwaka 2011, nilipokuwa mwanafunzi huko. Nilikimbilia jengo la mawe lililosimama pale zinapokutana barabara 4 kuu za mji, lenye pande 8, kila upande tao lililo wazi, na katikati nguzo nene iliyozungukwa na benchi la mawe. Nilipoketi na kuinua macho, niliona mbavu za mawe zikichanua kutoka kwenye nguzo ile hadi darini, mfano wa makuti yanavyochanua kileleni mwa mnazi.

Mzee mmoja aliyekuwa amejikinga karibu nami alinieleza kwamba ule ulikuwa msalaba wa soko, kama Waingereza wanavyoliita jengo la kuonyesha mahali pa soko, uliojengwa mwaka 1501 na Askofu Edward Story ili maskini wapate mahali pa kuuzia mazao yao bila kutozwa ushuru. Askofu huyo aliacha pia mali ya kuutunza, na watu waliuza hapo kwa karne tatu, hadi soko lilipojengewa nyumba yake mwaka 1808.

Neno ushuru lilinichoma. Mama yangu aliuza nyanya katika gulio la kijijini kwetu, kwenye milima ya Usambara, na mtoza ushuru alikuwa akimfikia asubuhi kabla hajauza hata fungu moja. Siku aliyokosa fedha, tenga lake lilibebwa mbele yangu. Ikabaki nyanya moja matopeni, naye akaiokota na kuifuta kwa pindo la kanga. Miaka yote hiyo alilipa, na miaka yote hiyo hapakuwa na hata bati moja la kumkinga na mvua. Nikiwa chini ya matao yale niliwaonea wivu, kwa niaba yake, wauza mayai na siagi waliokufa zamani sana.

Jioni nilimpigia simu nikamsimulia. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, “Wanaenea wauzaji wangapi, mwanangu?”

Sikuwa nimehesabu. Asubuhi yake nilirudi, nikayapanga matenga kwa mawazo, mawili kila tao, nikampelekea jibu: 16, na wenye vikapu vidogo wangeketi kwenye benchi kuizunguka nguzo.