Jicho la kangaja wangu lilipovimba

Kangaja wangu wa manjano, samaki wa baharini ninayemfuga kwenye tangi la kioo, ana tabia moja: nikisogea tu na kipande cha mwani mkononi, huwa ameshafika kwenye kioo kabla sijafungua kifuniko. Asubuhi ile alifika kama kawaida, ila alikuja upandeupande, kama mtu anayechungulia mlangoni. Aliponigeukia ndipo nikaona. Jicho la kushoto lilikuwa limetoka nje kama goroli, na juu yake ukungu mweupe, mfano wa kioo kilichopuliziwa pumzi.

Nakiri kwamba wazo la kwanza lilikuwa dawa. Nilikuwa na pakiti ya antibiotiki kabatini na mkono uliniwasha. Kilichonizuia ni swali moja: ni jicho hilo tu, au yote mawili? Ukimtazama kwa ubavu huwezi kulinganisha, maana kangaja ni bapa kama sahani na kila upande unaonyesha jicho moja. Nikazima pampu ya mkondo ili maji yatulie, nikapanda kwenye stuli, nikamtazama kutoka juu. Hapo hakukuwa na ubishi. La kulia lilikuwa limelala sawa na shavu. La kushoto limechomoza kama kitasa.

Tofauti hiyo ina uzito. Macho yote mawili yakivimba kwa pamoja, mara nyingi tatizo limo ndani ya mwili, bakteria wameshaingia, au maji yenyewe yana hitilafu. Jicho moja likivimba peke yake, mara nyingi samaki ameumia: amejigonga, amekwaruzwa na wavu au amepigana. Iko na sababu nyingine ambayo wafugaji wengi huisahau, nayo ni gesi. Pampu ikinyonya hewa kidogo kupitia mpira wenye ufa, hewa hiyo hukandamizwa na kuyeyuka majini kupita kiasi, kisha hujitokeza mwilini mwa samaki kama viputo. Nikachukua tochi nikammulika kwa pembeni. Viputo hapana. Ukungu tu, na mstari mwembamba wa mkwaruzo. Mipira na viungio vya pampu nilivikagua hata hivyo, vyote vizima.

Maji nayo yalikuwa safi: amonia 0 na nitriti 0 (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki), nitrati kama 20, uchumvi 1.025, joto nyuzi 26. Nilibadilisha asilimia 20 ya maji siku hiyohiyo, basi. Alikuwa anakula, anapumua taratibu, mapezi ameyakunjua. Nikaamua kumwacha palepale nimchunguze.

Chanzo nilikipata kesho yake, tena kwa bahati. Niliamka mapema nikakaa gizani mbele ya tangi kusubiri saa ya umeme iwashe taa. Ilipowasha, tangi zima likaruka kutoka usiku wa manane hadi mchana kweupe kwa mpigo mmoja, na kangaja akachomoka kama mshale kuelekea kwenye pango lake, kati ya mawe mawili yenye ncha. Safari hii alipita. Nadhani siku mbili kabla hakupita.

Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umeongezeka, na likazuka jambo baya zaidi: samaki mdogo wa buluu, mkorofi tangu siku ya kwanza, alikuwa ameligundua lile jicho na analidonoa. Hapo hakuna cha kusubiri. Jicho lililovimba likidonolewa halidumu.

Nilikuwa na tangi tupu la lita 40. Nikalijaza maji kutoka tangi kubwa, nikaweka hita, mabomba mawili ya plastiki ya kujifichia, na sponji ya chujio iliyokuwa imekaa kwenye tangi kubwa kwa miezi, imeshaota bakteria wa kula amonia. Hakuna mawe wala mchanga, wala kitu chenye ncha. Kumkamata ndiko kulikonitoa jasho. Kangaja ana mwiba pande zote mbili za shina la mkia, mkali kama wembe. Ukitumia wavu, mwiba unanasa kwenye nyuzi, naye akifurukuta anajichana zaidi. Nilimfuata na chombo cha plastiki angavu, nikiondoa jiwe moja moja, mpaka akaingia mwenyewe akidhani ni njia. Ilichukua dakika 40 na fulana yangu yote ililowa.

Dawa niliyotumia ni chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesi, ile isiyotiwa manukato wala rangi. Wapo wanaoichanganya na chumvi ya mezani. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kipimo: kijiko kikubwa kimoja kwa lita 20, kwa hiyo vijiko viwili. Niliviyeyusha kwanza kwenye jagi la maji ya tangi hilohilo, nikawa namimina kidogo kidogo hadi jioni. Inasemwa kwamba husaidia kutoa majimaji yaliyojaa nyuma ya jicho. Lakini mimi ni mtu wa kupiga hesabu. Maji ya bahari yenyewe yana magnesi kama miligramu 1,300 kwa lita, na vijiko vyangu viliongeza takriban miligramu 75. Ni nyongeza ndogo mno. Ndiyo maana sitaapa kwamba chumvi ndiyo iliyomponya. Huenda ni utulivu, maji safi na kutokuwepo kwa yule mdonoaji.

Siku ya nne ya karantini nilifanya kosa la kizembe. Kwa huruma nilimpa chakula kingi, mabaki yakaoza, na kipimo kikaonyesha amonia 0.5. Nilibadilisha nusu ya maji papo hapo, nikirudisha chumvi ya Epsom kwa kile kiasi cha maji mapya tu. Tangu hapo nikawa namwekea mwani mdogo, na usipoliwa kwa saa mbili nautoa.

Antibiotiki ilibaki kabatini. Nilijiwekea mipaka: jicho la pili likianza kuvimba, ukungu ukisambaa, akikataa kula, tumbo likijaa au magamba yakisimama, ndipo nifungue pakiti, tena kwenye tangi dogo tu. Kwenye tangi kubwa dawa hizo zinaweza kuua bakteria wanaosafisha maji, ukabaki na samaki wote wagonjwa badala ya mmoja. Na kuna wanaoshauri kulitoboa jicho kwa sindano ili maji yatoke. Tafadhali, mwachie daktari wa mifugo aliyesomea samaki.

Kila asubuhi nilimpiga picha kutoka juu, mahali palepale. Bila picha ningekata tamaa, kwa sababu ukitazama kwa macho kila siku, huoni tofauti. Siku ya saba hakuna mabadiliko. Siku ya tisa nikaweka picha mbili sambamba, kitasa kimepungua kidogo. Siku ya 16 jicho lilikuwa karibu limerudi mahali pake, ingawa ukungu uligoma kuondoka kwa wiki nyingine nzima.

Kabla ya kumrudisha nilibadilisha maji mara tatu ili kupunguza chumvi ya Epsom. Katika tangi kubwa nilipanga upya mawe, nikageuza zile ncha mbili ziangalie ukutani, ili yule wa buluu apoteze eneo lake la kulinda. Kangaja alikaa siku mbili ndani ya kisanduku chenye matundu wakizoeana. Kuhusu taa, sasa nawasha ya chumbani kwanza, na ya tangi hufuata nusu saa baadaye.

Kwenye mboni kimebaki kidoa cheupe, kama punje ya sukari. Upande huo haoni vizuri. Nikimkaribia kutoka kushoto hushtuka, kwa hiyo mwani namshikia kulia.