Hapa unacheka na nani?

Mamdogo kaondoka Jumatatu usiku, mabegi yamezidi kilo na maneno ya kuwabembeleza watu wa kaunta hayajamwishia, na mpaka leo swali lake limenikaa kifuani. Aliniuliza Jumamosi mchana, tumesimama katikati ya majora ya mapazia, kalkuleta mkononi, hata usoni hakunitazama.

"Hapa unacheka na nani?"

Nikamjibu, "Watu wapo, Mamdogo."

"Watu wapo hata stendi," akasema, akarudi kwenye kitambaa chake.

Basi, ni hayo tu. Wiki hii ghala letu hapa Guangzhou, China, limetangaziwa kuhamia Foshan, mji wa jirani, kibali changu cha kukaa kimeongezwa mwaka, na wifi kajifungua pacha, wote wazima, alhamdulillahi. Mambo makubwa hayo, lakini nikishika simu kuandika linalokuja ni swali lile. Nimelisikia nikipima maboksi, nimelisikia kwenye treni ya chini ya ardhi, nimelisikia napiga mswaki. Kila nikilisikia nabadilisha jibu. Mara namwambia, nacheka na nyinyi kwenye simu. Mara namwambia, nimekuja kutafuta, sikuja kucheka. Mara namgeuzia: kwani wewe pale dukani unacheka na nani? Halafu namwona anavyocheka na muuza kahawa, na wapiga debe, na wateja wasionunua, barabara nzima ya Ngamiani pale Tanga, na jibu linanifia mdomoni.

Siku yenyewe ilianza vizuri mno. Nilimwambia tangu Ijumaa, kesho hatuanzi na soko, kesho unatembea kwanza uione Guangzhou. Asubuhi nikampeleka kunywa chai. Wenyeji wa hapa chai ya asubuhi hawainywi wima wakaondoka. Wanakaa hata masaa matatu, wazee na magazeti yao, watoto wanalala mapajani, na vikapu vidogo vya mianzi vinaletwa kimoja kimoja vikifuka mvuke. Nilichagua mgahawa wa Waislamu karibu na Msikiti wa Huaisheng, maana sehemu nyingi nguruwe yumo mpaka ndani ya maandazi.

Palijaa, tukachanganywa meza na bibi mmoja wa Kichina mwenye nywele nyeupe tupu. Mamdogo akamimina chai, anataka kunywa, bibi akamshika mkono. Akakichukua kikombe cha Mamdogo, bakuli lake, vijiti vyake, akavimwagia chai ya moto, akavizungusha kimoja ndani ya kingine, ncha za vijiti akazisuuza, maji yote akayamwaga kwenye bakuli kubwa la pembeni. Kisha akavipanga upya mbele ya Mamdogo kama mama anayemwandalia mtoto. Vyombo vilikuwa safi tangu mwanzo, ila ndivyo wanavyoanza meza hapa. Baada ya hapo akammiminia, akaonyesha kwa ishara kwamba ukimiminiwa unagonga meza, ndiyo asante. Wanasimulia kuwa Qianlong, mfalme wa zamani wa China, alikuwa akitembea kwa kujificha, akawamiminia chai watumishi wake, na wao wasiweze kumpigia magoti mbele za watu, wakakunja vidole mezani badala ya magoti.

Mamdogo akagonga kwa ngumi, hodi kabisa, vikombe vikaruka. Bibi alicheka mpaka akaziba mdomo. Akamshika vidole viwili, akavikunja, akamwongoza taratibu, tk tk tk. Nami nikacheka, watu wa meza ya jirani wakacheka. Tukala kamba waliofungwa kwenye unga unaopitisha mwanga, tukala zile shuka laini za mchele zilizokunjwa na nyama ya ng'ombe ndani, zimemwagiwa mchuzi wa soya, tukala miguu ya kuku. Kwenye miguu ya kuku Mamdogo alisema wazi kwamba hawa watu ni ndugu zetu, na mifupa akaiacha myeupe.

Msikiti uko hatua chache kutoka pale, na mnara wake unaonekana ukiwa barabarani: mviringo, mweupe, hauna madoido, unakwenda juu mita 36 hivi na kukonda. Hapa wanasema aliyeujenga msikiti ni sahaba Saad bin Abi Waqqas, ingawa wanahistoria wengi wanauweka nyuma ya zama zake. Zamani mto ulipita karibu zaidi na mabaharia waliutumia mnara kujua wamefika. Mamdogo aliukazia macho muda mrefu, akasema unamkumbusha mnara wa Msikiti wa Mandhry pale Mombasa. Nikamwambia, na yale mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar, vyombo vya namna ile vilisafirishwa kutoka bandari za kusini kama hii, karne kwa karne, kabla hajazaliwa hata babu wa babu yetu. Akasema, "Kumbe na wao walikuwa na ajenti." Tulifurahi sana pale. Naandika hili ili mjue kwamba swali halikutoka kwenye siku mbaya.

Saa tano tulikuwa soko la vitambaa la Zhongda. Mnaofanya biashara hii mnalijua: ghorofa kwa ghorofa, vijana wanapita na vitoroli vya majora wakipiga kelele upishe, kila kibanda kina vitabu vya sampuli vilivyokatwa kwa mkasi wa meno. Mamdogo hanunui kwa macho. Anakifinya kitambaa, anakivuta ulalo, anakikunja ngumi na kukiachia aone kama kinabaki na mikunjo. Akiambiwa ni pamba anaomba kipande, anakitia kwenye pochi, anatoka nje kabisa, anakichoma. Kikiacha jivu, sawa. Kikijikunja na kuacha tone gumu jeusi, anarudi na bei mpya. Kimoja aliambiwa yuani 22 kwa mita, akaandika 15 kwenye kalkuleta, yule msichana muuzaji akajishika kifua, akasema maneno, na wenzake wote wakacheka. Mimi nikatafsiri: anasema ukimpa hiyo bei itabidi aje kuishi kwako Tanga. Nilitafsiri kama ninavyosoma vipimo vya boksi. Msichana ananitazama anasubiri nicheke, na mimi nasubiri namba inayofuata.

Ndipo Mamdogo akauliza.

Nimejiuliza aliona nini. Nadhani aliona pale pale, kwamba msichana yule kanirushia mzaha mimi, siyo yeye, nami nikaupitisha tu. Mimi Kichina changu ni Mandarini ya ghalani. Naweza kubishania CBM moja, yaani mita moja ya ujazo ya mzigo, mpaka ajenti akubali na stakabadhi irekebishwe. Wenzangu kazini ni watu wema, tunagawana machungwa na maji ya moto, lakini utani wao wanautania kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa hapa, na ukifika kwangu umeshapoa. Waliokuwa wakinichekesha mnawajua kwenye maandishi ya nyuma. Yule dada wa Lubumbashi aliyekuwa akinisuka Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa mjini, kafunga saluni, kaenda zake. Mariamu kamaliza chuo, karudi Mombasa. Xiaobei yenyewe watu wetu wamepungua tangu miaka ya korona. Unaweza kupita pale Jumapili na usisikie shikamoo hata moja.

Jioni Mamdogo alikuwa mwepesi kama hakusema kitu. Tulikula yale maziwa ya nyati yaliyogandishwa pale mtaa wa maduka wa Shangxiajiu, ananusa kila kijiko. Tukanunua viatu vya Bibi. Usiku tukasimama kando ya Mto Zhujiang kuuangalia mnara wa Canton ukibadilisha rangi, mita 600, mwembamba katikati, na yeye akataka apigwe picha kiuno chake kikiwa sambamba na kiuno cha mnara. Nilipiga picha nyingi. Ndani yangu nilikuwa nimekasirika naye, nilitaka aondoe lile neno. Hakuliondoa, na hakulirudia.

Hasira hiyo nilikaa nayo mpaka juzi. Juzi nilikuwa nasoma simu zangu za miezi ya nyuma natafuta risiti ya mtu, nikapitia jumbe zote za nyumbani. Shikamoo dada, simu hii kwa huko bei gani. Dada, mzigo umefika wapi. Mwanangu, vipi afya, kuna jambo dogo la ada. Wananipenda, najua, na mimi nikipewa kazi ya kutuma najisikia bado niko mezani nao. Lakini katika jumbe zote hizo hakuna aliyewahi kuuliza kitu ambacho jibu lake si pesa, mzigo au afya. Mamdogo kaja na orodha ya mapazia ya duka zima, ana deni la benki, miguu imevimba kwa ndege, na bado akapata nafasi ya kuangalia uso wangu nikitafsiri mzaha. Mtu huyu alikuwa ananitazama. Nilivyolielewa hilo nililia kidogo, na sikulia kwa uchungu.

Sina jibu la kumpa bado. Jumamosi nataka nirudi ule mgahawa, peke yangu, nikae meza ya watu.

Na jana kanitumia video kwa ile WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, niliyomwekea. Wako kwa Bibi Muheza, wamekaa mkekani, sinia la vitumbua katikati, binamu zangu wote. Mamdogo anamimina chai ya mchaichai kwa kila mmoja, na kila mmoja akimiminiwa lazima agonge sinia kwa vidole viwili vilivyokunjwa. Bibi kakataa, anasema hajawahi kumshukuru mtu kwa kumgongea. Halafu mwisho, kikombe chake kilipojaa, akagonga mara moja, haraka, akaangalia pembeni. Nilicheka kwa sauti ndani ya treni mpaka nikapitiliza kituo changu cha Lujiang.

Nimeirudia mara nyingi, na kwenye kuirudia ndiyo nimeona: nyuma ya Bibi, mlangoni kwa jikoni, kuna ndoo chini, na ukutani maji yamechora mstari mpaka usawa wa rafu ya unga. Vuli ndiyo kwanza imeanza. Fundi alichukua hela ya bati tangu mwezi wa nane, akasema wiki moja. Simu yake sasa inaita haipokelewi, na nikimuuliza Bibi anasema pako vizuri, ni tone moja moja. Zile nguzo za upande ule ni za mti wa zamani, zilishaanza kuliwa na mchwa. Aliye Muheza karibu na stendi naomba anipitie pale kesho, aingie jikoni mwenyewe, asikubali kuishia barazani.