Fundi anayekataa kazi: nilivyompata wa IST yangu

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, chesisi NCP61, namba D. Nililipenda siku nyingi kabla sijalinunua kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anahamia Dodoma, na aliponikabidhi funguo akanirithisha na fundi wake. Naishi Segerea, kazi yangu ya uuguzi iko upande wa Temeke, kwa hiyo kila siku ya kazi naonja foleni ya Barabara ya Mandela, Tabata mpaka Tazara. Anayetaka kujua afya ya gari dogo hapa Dar alipitishe Buguruni saa kumi na mbili jioni, kiyoyozi kimewashwa.

Langu lilianza kuchemsha hapo hapo Buguruni. Likisimama kwenye foleni joto linapanda. Nikipata upenyo likakimbia kidogo, joto linashuka lenyewe. Nikamweleza yule fundi wa urithi hivyo hivyo. Akafungua boneti, akagusa mpira wa rejeta, akasema, "Dada, gasketi ya hedi imeungua. Hapa tupasue tu injini." Ufundi laki tatu, halafu gasketi na kusagisha silinda hedi ni juu yangu. Hakufungua mfuniko wa rejeta, hakuchomoa hata kijiti cha kupimia oili. Wodini kwetu mtu haingizwi chumba cha upasuaji kwa kuguswa paji la uso. Nikamwambia nitamtafuta mwisho wa mwezi, nikaondoka na gari langu.

Mwanzo niliuliza kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Namba zikamiminika, kila mtu na fundi wake. Ukiuliza huyo fundi ana sifa gani, unaambiwa "ni mtu poa sana" au "hana bei kubwa". Upole wa fundi siutilii mafuta.

Msaada niliupata kwa madereva wa teksi za mtandao, kwa sababu siku zile gari limepaki nilikuwa nawapanda wao. Wengi wanaendesha IST kama yangu, wengine Passo na Raum, na mwisho wa wiki lazima wapeleke hesabu kwa tajiri. Mtu wa namna hiyo hawezi kuvumilia fundi wa kubahatisha, maana gari likilala gereji hesabu inabaki palepale. Sikuwauliza nani fundi mzuri. Niliwauliza gari lilipoharibika mara ya mwisho lilikaa gereji siku ngapi, na tatizo lile lilirudi au halikurudi. Mmoja alicheka akasema, "Sista, hilo la pili ndilo la kuuliza." Gereji moja ya Tabata, uwanja wa wazi wenye mkungu na makontena mawili, ikatajwa na madereva wasiojuana. Nikaenda.

Fundi niliyemkuta ni mtu wa makamo, hana maneno mengi. Kabla ya kugusa chochote aliniuliza linachemsha wakati gani, likisimama au likikimbia. Maji yanapungua? Asubuhi nikiwasha naona moshi mweupe? Akachomoa kijiti cha oili, akanionyesha: gasketi ya hedi ikiungua, maji yakiingia kwenye oili inageuka rangi ya maziwa, na yangu ilikuwa nyeusi ya kawaida. Akafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi kabisa, akaliwasha, tukaangalia kama yanatoka mapovu. Hayakutoka. Akafunga, akaliacha liungurume huku anaendelea na gari lingine. Lilipopata joto akaniita, akawasha kiyoyozi, akasema, "Sikiliza." Nikasikiliza, sikusikia kitu. "Ndiyo hivyo," akasema. "Feni haizunguki."

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, kwa sababu hakuniambia nikanunue feni. Alichukua rilei ya feni, ile swichi inayoipelekea umeme, akabadilishana na nyingine ya aina ileile iliyokuwa kwenye boksi la fyuzi. Kimya. Akavuta waya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye mota. Bado kimya. Akagonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka kidogo, ikafa tena. Kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota zimekwisha. Kwa hiyo maelezo yangu ya mwanzo yalikuwa yanajitosheleza: gari likikimbia, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, likisimama, hakuna wa kuipooza rejeta. Mota ya mtumba na ufundi wake havikufika hata nusu ya laki tatu za kupasua injini.

Wakati anamalizia akagundua jambo lingine. Themostati, kile kilango kinachoyazuia na kuyaachia maji ya kupoozea injini, haikuwepo. Iliwahi kutolewa na ikatupwa, nadhani kabla yangu. Hii ni imani iliyoenea sana kwa mafundi wetu, kwamba themostati ni ya nchi za baridi na huku kwetu inachemshia watu magari. Mbovu iliyoganda ikiwa imefunga itachemsha kweli, lakini dawa yake ni kuweka nzima. Inafunguka maji yakifika nyuzi joto zipatazo 82. Kabla ya hapo inayazuia ili injini ipate moto haraka. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kuongeza petroli. Tuliweka mpya na tukamwaga yale maji ya bomba yaliyokuwa na rangi ya kutu, tukatia kulanti, maji maalumu ya kupoozea injini. Mafuta niliyozoea kujaza Jumatatu yakaanza kunifikisha Ijumaa bila wasiwasi.

Sikumkabidhi gari lote kwa sababu ya feni. Nilirudi na kazi ndogo, kumwaga oili, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikatazama. Injini ya 1NZ inachukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, na galoni tunayonunua ni ya lita nne. Nimeona mafundi wanamimina galoni yote kwa sababu "si umeshalipia". Nimeona pia kibakuli cha oili iliyobaki kikiondoka kimyakimya kwenda kusikojulikana. Huyu alimimina, akasimama, akaliwasha gari kidogo, akazima, akasubiri, akapima kwa kijiti, akaongeza tone. Kisha akafunga galoni akaniwekea kwenye buti. "Hiyo ya kuongezea, dada." Oili yenyewe alikuwa ameniagiza 5W-30, ambayo ni nyepesi. Yule wa kwanza alikuwa ananiwekea namba 40 nzito, kwa maelezo kwamba gari likishatembea sana linahitaji oili nzito. Injini isiyovuja na isiyokula oili haina haja nayo.

Nina swali langu la mtego kwa fundi yeyote mpya, na nimewapa hata mashoga zangu wenye IST, Raum na Spacio za injini hii. Uliza kwa upole: mkanda wa taimingi wa gari hili unabadilishwa lini? 1NZ haina mkanda wa taimingi, ina mnyororo. Fundi wa kweli atakusahihisha. Mwingine atakutajia na bei ya mkanda.

Suala la spea ndilo lenye vishawishi vingi, na sikutaka kujifanya mjuaji wala kumfanya yeye malaika. Kariakoo, mitaa ya Gerezani, kila mwenye duka anajua kumwekea fundi cha juu. Fundi akitumwa peke yake na pesa taslimu, cha juu kitakuwepo tu, na mimi simlaumu sana, kwa sababu wateja wetu wengi wanapenda kumlipa fundi hela ya soda kwa kazi ya kutwa nzima. Kwa hiyo tulikubaliana mapema. Ufundi wake nitalipa bei yake bila kumkaba, spea nitalipa mwenyewe dukani kwa lipa namba, na risiti ya EFD inabaki kwangu. Ananiandikia jina la kitu, ananipa kile kibovu mkononi, nakwenda nacho. Dukani nataja namba ya chesisi. Pale NCP61 na NCP60 si kitu kimoja, kuna vitu havilingani kwa sababu moja ni ya injini ya lita 1.5 na nyingine lita 1.3. Kama sina uhakika, nampigia fundi, muuzaji akiwa amesimama mbele yangu, nampa simu: "Hebu ongea na fundi." Wauzaji hubadilika sura kidogo, lakini huongea.

Kile kibovu narudi nacho nyumbani. Nina ndoo ya rangi stoo yenye filta kuukuu, brekipedi zilizoisha na ile mota ya feni. Mume wangu ananicheka. Lakini fundi anayejua kwamba utaondoka na kitu cha zamani hawezi kukuuzia kazi ambayo hakuifanya.

Kazi alizokataa ndizo zilizonimalizia mashaka. Gari lilianza kugonga mbele kushoto nikipita kwenye matuta, na kila aliyepanda alinambia ni shokapu. Nilikwenda nimeshajiandaa, pesa ya shokapu mbili ninayo. Akalipiga jeki, akaangalia shokapu, kavu, hazijavuja oili. Akashika linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachounganisha stabilaiza na mguu wa gari, akaitikisa, ikacheza mkononi mwake. "Shokapu zako ni nzima, usinunue. Leta linki mbili." Linki ni bei ya chakula cha mchana cha watu wachache tu. Siku nyingine taa ya cheki injini ikawaka na gari likawa linamisi, yaani silinda moja haichomi petroli sawasawa. Fundi umeme wa karibu na nyumbani alilipima kwa mashine, ikaleta P0302, yaani misi iko silinda ya pili, akanishauri ninunue koili zote nne, zile zinazozipa plagi umeme. Wangu akahamisha koili ya silinda ya pili akaiweka ya tatu, akafuta ile namba ya hitilafu, akaliendesha. Ikarudi P0303, ya silinda ya tatu. Misi imeifuata koili, basi koili ndiyo mbovu. Ingebaki kwenye silinda ya pili tungetazama plagi au nozeli ya petroli. Nikanunua moja. Mashine inakwambia dalili iko silinda gani, haikwambii ukanunue nini, na kwa hapa mjini wengi tunalipia kupimwa halafu fundi anarudi kubahatisha palepale.

Kiyoyozi alikataa kabisa kukigusa. Alisema yeye si fundi wa gesi, akanielekeza kwa mwenzake. Rangi vilevile. Wapo wanaosema fundi kamili ni anayejua kila kitu. Mimi nimefika mahali fundi akisema "hii siyo kazi yangu" namsogezea kiti. Cheti hana, alijifunzia kazi kwa kumshikia mjomba wake spana, ila vijana wawili anaofanya nao wamepita VETA Chang'ombe na yeye huwauliza maswali mbele ya wateja bila kuona haya.

Kuhusu kuwa mwanamke gereji: bei ya kwanza hupanda, hilo halina ubishi, na kuna wanaozungumza na mwanaume yeyote aliyeandamana nawe, hata kama ni shemeji yako asiyejua boneti inafunguliwa wapi. Silaha yangu ni daftari dogo ninaloweka kwenye kisanduku cha dashibodi. Tarehe, kilomita, kilichofanyika, kilichonunuliwa, bei. Nikilifungua na kusema plagi zilibadilishwa kilomita fulani, mazungumzo yanahamia kwangu yenyewe. Daftari hilo ndilo linalonikumbusha oili kila kilomita elfu tano, kwa sababu ile karatasi ya sevisi inayofungwa kwenye mlango ilififia jua la mwezi mmoja tu.

Sasa kasoro yake, maana anayo. Muda. Uaminifu wa pesa anao, wa saa hana. "Njoo saa nane" kwake maana yake saa nane gari ndiyo litafunguliwa. Akiahidi Ijumaa, mimi hupanga usafiri mpaka Jumapili. Niliwahi kumkuta amelala chini ya gari la mtu mwingine na langu liko juu ya mawe, tairi zimetolewa, na yeye ananiambia kwa utulivu kabisa, "Dada, umewahi." Nimeshagombana naye, nimeshanuna, nimeshapunguza hata salamu, na hakuna kilichobadilika. Kilichosaidia ni kubadilisha ratiba yangu. Kazi ndogo napeleka Jumamosi saa moja asubuhi, kabla hajapokea gari la mtu, spea zote nimeshanunua jana yake, na siondoki pale mpaka boneti ifungwe. Kazi kubwa naisubirisha mpaka wiki yangu ya zamu za usiku, nikitoka kazini asubuhi namwachia gari, nakwenda kulala.