Taa kwanza, kizingiti baadaye: nilivyopima matundu ya seli za paini za Mufindi kwenye picha

Karibu kila niliyemuuliza namna ya kupima matundu ya seli kwenye picha za hadubini alinipa ushauri uleule: fungua picha, nenda kwenye Threshold (kizingiti, yaani kiwango cha weupe kinachotenganisha tundu na ukuta), bonyeza Auto programu ikichague yenyewe, kazi imekwisha. Kwa seli za paini ushauri huo unakupa namba za kupendeza ambazo si za kweli. Na kosa lake haliendi upande mmoja. Matundu makubwa ya seli za msimu wa mvua yanapungua, matundu madogo ya seli za kiangazi yanaongezeka, na tofauti kati ya hizo mbili, ambayo ndiyo unayoitafuta, inaliwa katikati.

Mbao zilikuwa Pinus patula za mashamba ya miti ya Mufindi, zimekatwa kwa mikrotomu (mashine ya kukata vipande vyembamba sana) kwa unene wa mikroni 20, yaani sehemu 20 za elfu za milimita, zikatiwa rangi ya safranini na kufunikwa na gliserini ya duka la dawa, ya elfu chache tu. Programu ni Fiji, yaani ImageJ ya Wayne Rasband ikiwa imefungashwa na nyongeza zake. Haina malipo na haihitaji kompyuta ya nguvu.

Picha ikishakuwa TIFF (faili isiyopunguza ubora wa picha), itenganishe kwa Split Channels kuwa sehemu zake za rangi, yaani chaneli, ubaki na chaneli ya kijani. Safranini inaonekana nyekundu kwa kuwa inameza mwanga wa kijani, kwa hiyo kwenye chaneli hiyo kuta za seli huwa nyeusi na matundu meupe. Kwenye chaneli nyekundu kuta karibu zote hupotea. Wanaogeuza picha nzima kuwa ya kijivu wanachanganya chaneli nzuri na mbovu, halafu wanailaumu programu. JPEG nayo achana nayo, maana inaweka vidoa vya uongo pembeni mwa kila ukuta, palepale kizingiti kinapotakiwa kukata.

Kwa nini Auto inakosea? Njia ya Otsu, mojawapo unazoweza kuchagua kwa Auto, iliyochapishwa na Nobuyuki Otsu mwaka 1979, inaigawa histogramu (hesabu ya pikseli kwa kila kiwango cha weupe, 0 hadi 255) makundi mawili ili mtawanyiko ndani ya kila kundi uwe mdogo iwezekanavyo. Makundi yakilingana inafanya kazi safi. Kundi moja likiwa kubwa kupita jingine, mpaka unavutwa kuelekea lile kubwa. Sasa tazama mbao ya paini: eneo la msimu wa mvua ni matundu matupu yenye kuta nyembamba, hivyo mpaka unapanda kuelekea weupe na matundu yanasinyaa. Eneo la kiangazi ni kuta nene tupu, mpaka unashuka kuelekea weusi na matundu yanavimba. Nilipoiachia itafute yenyewe picha kwa picha, ilinipa 138 upande wa mvua na 121 upande wa kiangazi, kwenye slaidi moja, taa moja, dakika kumi zilezile. IsoData, ambayo ndiyo msingi wa chaguo la kawaida la ImageJ, ina tabia hiyohiyo.

Ushauri wa pili niliopewa ulikuwa kusawazisha mwanga kwa Subtract Background, mpira wenye nusukipenyo cha pikseli 50. Huu ndio ulionipotezea siku nyingi, kwa hiyo nauelezea taratibu. Katikati ya picha palikuwa na mwanga mwingi kuliko pembeni, jambo la kawaida kwa hadubini yoyote. Subtract Background inaviringisha mpira chini ya uso wa picha, na kila mahali mpira unapoenea panahesabiwa kuwa mandharinyuma na kuondolewa. Kwenye picha zangu pikseli moja ilikuwa nusu mikroni, kwa hiyo tundu la msimu wa mvua lenye upana wa mikroni 40 ni pikseli 80. Mpira wenye kipenyo cha pikseli 100 hauingii humo, sawa. Lakini mfereji wa utomvu una upana wa mara nne au tano ya tundu hilo. Mpira ukaingia mfereji mzima, ukauhesabu kuwa mandharinyuma, na kila mfereji ukageuka pete nyembamba yenye kiini cheusi. Niliposoma jedwali la vipimo mifereji haikuwemo hata mmoja.

Nikatia tiki kwenye Light background, inayoiambia programu kwamba mandharinyuma ni meupe, kasoro ikahamia kwingine. Matundu ya kiangazi ni membamba kiasi kwamba ukungu wa lenzi (picha kukosa ukali kwenye kingo) hauyaachi kufikia weupe kamili. Programu ikayaona kuwa mandharinyuma yaliyofifia, ikayanyanyua hadi weupe, na matundu yasiyozidi mikroni 10 yakapata upana ambao hayana. Kukuza mpira hadi pikseli 500 kuliirudisha mifereji, ila pembe za picha zikabaki na giza lake. Usipoteze muda kwenye njia hii kwa mbao. Inafaa vitu vidogo vilivyotawanyika kwenye uwanja mtupu. Mbao haina uwanja mtupu.

Kilichofanya kazi ni kupiga picha ya mwanga wenyewe. Sogeza slaidi hadi pembeni mwa kipande cha mbao, bado ndani ya gliserini na chini ya kioo cha kufunikia, usiguse fokasi wala taa, upige picha ya mahali patupu. Usipige moja. Piga tano, kila moja baada ya kusogeza slaidi kidogo, ziweke kwenye staki (rundo la picha), kisha Z Project kwa Median, inayochukua thamani ya kati ya kila pikseli. Vumbi lililo kwenye slaidi limesogea pamoja na slaidi, kwa hiyo linafutika. Vumbi lililo kwenye kamera halikusogea, linabaki, na linapaswa kubaki, kwa sababu lipo pia kwenye picha za mbao mahali palepale na litafutana nalo.

Kisha Image Calculator: picha ya mbao Divide picha ya mwanga, na tiki kwenye 32-bit. Bila tiki hiyo kila kitu kinakuwa 0 au 1. Matokeo yake ni mazuri kuyatazama. Tundu la seli limejaa gliserini tupu kama pale pembeni, kwa hiyo linasoma karibu 1.00 popote lilipo, katikati au pembeni mwa picha. Ukuta uliotiwa safranini ulisoma karibu 0.36. Namba imepata maana sasa: ni sehemu ya mwanga iliyopita.

Kizingiti kikawa rahisi. Chora mstari unaokata ukuta mnene kutoka tundu hadi tundu, bonyeza Ctrl na K upate grafu ya weupe kwenye mstari huo, utaona mteremko kutoka 1.00 kwenda 0.36. Ukingo wa kweli uko katikati ya mteremko: jumlisha, gawa kwa mbili, 0.68. Nilirudia kwenye kuta kumi nikapata kati ya 0.66 na 0.70. Usitumie kuta nyembamba kwa hesabu hii, kwa sababu ukungu hauziachi kufika chini kabisa. Andika 0.68 kupitia kitufe cha Set, na utumie hiyohiyo kwa picha zote za slaidi zilizotiwa rangi pamoja. Usibonyeze Apply, itaanza kukuuliza habari za NaN (pikseli zisizo na namba). Nenda moja kwa moja Analyze Particles, inayohesabu na kupima kila tundu.

Kung'ang'ania namba hii kuna sababu. Kizingiti kikikosea pikseli moja kila upande, tundu la pikseli 80 linakuwa 78 na eneo linapungua asilimia 5. Tundu la kiangazi la pikseli 20 linakuwa 18, na eneo linapungua asilimia 19. Kosa moja, adhabu tofauti.

Picha ya mwanga inadumu tu kama taa inadumu. Kwetu Mafinga, mji wa Mufindi, mashine za kuchana mbao zikiwashwa jirani, umeme unashuka na taa ya halojeni inafifia bila jicho kugundua. Nilinunua stebilaiza, elfu sabini au themanini hivi, nikawa naiwasha taa dakika 15 kabla ya picha ya kwanza, na kupiga upya picha za mwanga kila baada ya picha kumi. Wastani wake ukihama zaidi ya asilimia 2, hizo kumi narudia. Kamera nayo ifungwe: ekspoja ya mkono, hakuna chochote cha otomatiki. Angalia pia histogramu isigonge 255, maana mwanga uliokatwa juu haugawiki. Asubuhi za Juni na Julai pumzi yako inaganda kwenye lenzi. Vilele viwili vya histogramu vikianza kukaribiana bila sababu, futa lenzi kabla ya kugusa kitu kingine. Na kiwambo cha kondensa (lenzi inayokusanya mwanga chini ya slaidi) usikibane sana kutafuta kontrasti, kuta zitaota mistari miwili na mteremko wako utaharibika.

Kwenye Analyze Particles niliweka eneo la chini mikroni 15 za mraba, baada ya kuweka skeli kwa slaidi ya vipimo, ile ya milimita moja iliyogawanywa mara 100. Usitie tiki Exclude on edges. Matundu makubwa ndiyo yanayogusa kingo mara nyingi, kwa hiyo ukiyatupa yote wastani unashuka. Mimi nilichora fremu ndani ya picha: linalogusa mstari wa juu au wa kushoto linahesabiwa, la chini au kulia haliingii. Watershed, ya kutenganisha vitu vilivyogusana, sahau, inakata katikati matundu marefu ya kiangazi. Ukuta uliochanwa na kisu butu unaunganisha matundu mawili, nao nauziba kwa penseli ya pikseli mbili na kuandika daftarini ni mangapi. Na ukipata jibu la kipande kimoja kilichotapakaa picha nzima, umepima kuta. Rudi uangalie tiki ya Dark background.

Mwisho nilichora kwa mkono matundu 30, kumi makubwa, kumi ya kati, kumi ya kiangazi, bila kutazama majibu ya programu. Kwa makubwa tofauti ilikuwa chini ya asilimia 3, kwa ya kiangazi asilimia 7. Nilipozipitisha picha hizohizo kwenye Auto, ya kiangazi yalizidi kwa asilimia 22.